Paa Yuko Chini, Bwana Yuko Juu



Mada yetu ya leo ni ukimya. Si ukimya wa usiku, wala si ukimya wa msikitini baada ya swala, bali ni ule unaoingia katika nyumba ya babu na bibi siku wajukuu wanaporejea kwao. Huenda wewe unayesoma maneno haya una mzee wako Paje, au Bwejuu, au Jambiani, au Makunduchi, na mwenyewe unakaa Mjini, au Dar es Salaam, au Mombasa, au umevuka bahari uko Maskat au London. Skuli zikifungwa unawapeleka watoto kwa bibi yao. Kwa muda wa wiki tatu au nne nyumba haina utulivu: huyu amekwenda pwani bila ya kuaga, yule amekanyaga dema la babu, mdogo wao analia kwa kuwa hakupewa dafu. Kisha gari ya Mjini inapiga honi njiani, mikoba inapakiwa, watoto wanabusu mikono ya wazee, na jioni ile nyumba inabaki na sahani mbili.

Siku ya kwanza, tuseme kweli, wazee hupumzika. Bibi hulala usingizi wa mchana bila ya kuamshwa mara tano, na babu husikiliza redio yake mpaka mwisho wa habari. Siku ya pili bibi hufagia uwanja na kukuta kiatu kimoja cha mtoto chini ya mwembe. Siku ya tatu hupika wali wa watu sita, akafunua sufuria, akatambua alilolifanya. Hapo ndipo ukimya wenyewe unapoanza.

Sasa nataka tuuangalie ukimya huu kwa njia ambayo pengine hukuizoea. Badala ya kutoa nasaha tangu mwanzo, tuchukue ngano moja ya hapa hapa Unguja, tuisome kwa makini kama inavyostahiki kusomwa kazi yoyote ya sanaa, tuone inasema nini na wapi inapungua. Ngano yenyewe umeisikia utotoni, na yumkini uliisikia kwa bibi yako. Nayo ni ngano ya Sultani Darai.

NGANO YENYEWE

Ngano hii iliingia katika kitabu mwaka 1870, pale Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu Unguja, alipochapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa. Kwa hivyo inapata zaidi ya miaka 150 tangu iandikwe, na umri wake midomoni mwa watu ni mkubwa kuliko huo.

Kwa ufupi ni hivi. Palikuwa na maskini hohehahe, kazi yake kuchokora jaani apate cha kutia kinywani. Siku moja akaokota thumuni, na badala ya kununua chakula akanunua paa mdogo. Watu wakamcheka. Lakini paa yule alikuwa akisema kama mtu. Akaenda malishoni, akaokota almasi, akaipeleka kwa Sultani Darai na kumwambia kuwa ni zawadi kutoka kwa bwana wake, naye anataka kumposa binti yake. Kwa hila na adabu akamvisha bwana wake nguo za kifalme na kumwoza binti wa sultani. Kisha akatangulia mbele, akafika katika jumba kubwa lililokuwa la nyoka mwenye vichwa saba, akamwua nyoka, na jumba lile likawa la bwana wake. Kila alichokuwa nacho mtu yule, kutoka nguo ya mwilini hadi mke wa ubavuni, kilipatikana kwa mikono ya paa.

Halafu paa akaugua. Akalala chini, na bwana yuko juu ya nyumba na mkewe. Paa akamtuma kizee, mwanamke mzee aliyekuwa mtumishi wa jumba lile, apande amwambie bwana kuwa hajiwezi. Bwana akasema apikiwe uji wa mtama mwekundu apelekewe. Kizee akashuka, akapanda tena, akashuka tena. Mke wa bwana akaingiwa na haya, akamsihi mumewe, akamtumia paa vitu vyema kwa siri. Bwana hakubadilika. Paa akafa, akatupwa kisimani. Sultani Darai alipopata habari alikuja yeye mwenyewe pamoja na watu wake, wakamtoa paa kisimani, wakamzika kwa heshima. Ama yule bwana, alilala usiku akaota yuko jaani anachokora. Na alipoamka, kweli alikuwa yuko jaani.

MAHALI NGANO INAPOZIDI

Tulipokuwa skuli tulifundishwa kuwa funzo la ngano hii ni shukrani: aliyekutendea wema usimsahau. Hilo ni kweli, lakini ni dogo. Lingekuwa ndilo funzo pekee, ngano ingeweza kwisha kwa maneno machache tu. Kuna jambo jingine ndani yake, nalo linaonekana tukiilinganisha na jamaa zake wa nchi nyingine.

Ngano ya mnyama anayemtajirisha bwana wake maskini inajulikana duniani. Wafaransa wanayo ya paka aliyevaa viatu, aliyoiandika Charles Perrault mwaka 1697. Paka yule naye anamwongopea mfalme kwa ajili ya bwana wake, anampatia nguo, anamshinda jitu lenye kasri na kulitwaa kasri. Kisha harusi, na hadithi imekwisha. Paka mwenyewe anakuwa mtu mkubwa. Nyuma yake, Giambattista Basile wa Napoli, ambaye hekaya zake zilichapishwa kuanzia mwaka 1634, aliisimulia kwa mwisho mkali zaidi: paka anajisingizia kufa ili amjaribu bwana wake, na anaposikia bwana akisema atupwe nje, anainuka, anamkaripia, anakwenda zake.

Angalia sasa alivyofanya msimulizi wa Unguja. Hakuishia harusini. Wala hakumfanya paa ajisingizie. Paa wetu aliugua kweli na akafa kweli. Na msimulizi hakuharakisha. Kizee anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, mpaka msikilizaji mwenyewe anachoka miguu. Msanii hurefusha pale anapotaka tutazame. Basi anataka tutazame nini?

Anataka tuitazame ngazi. Paa yuko chini, bwana yuko juu. Ni nyumba moja, sakafu mbili, na baina yao pana vidato vichache. Bwana hakumpiga paa. Hakumtukana mbele ya watu. Hakumnyima chakula. Bali alituma chakula. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakushuka. Uji ulifika chini, yeye hakufika. Hapo ndipo ulipo moyo wa ngano hii, na hapo ndipo msimulizi wa Unguja alipokwenda mbali zaidi ya yule Mfaransa. Ametuonesha kuwa mtu anaweza kuvunja haki kubwa kabisa huku mkono wake ukiwa unatoa.

UJI WETU WA MTAMA

Rudi sasa Paje, ndugu msomaji. Kutoka Mjini mpaka Paje ni mwendo upatao kilomita 50, kwa njia ya lami inayopita msitu wa Jozani. Zamani mtu alikuwa na udhuru wa safari. Leo gari ya abiria inakufikisha kabla hujamaliza kusinzia. Umbali umepungua, lakini ngazi ipo pale pale.

Kila zama ina uji wake wa mtama. Wa zama zetu ni fedha za kwenye simu, ni televisheni aliyonunuliwa babu ili asichoke, ni picha ya wajukuu inayotumwa siku ya Idi. Vitu hivi si vibaya, na mzee hafai kunyimwa. Hata serikali imetoa sehemu yake: tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee wote waliofika miaka 70, wawe walikuwa na ajira au hawakuwa nayo, na kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000. Ni jambo la kheri. Lakini tusidanganyane. Hakuna pensheni inayomuuliza bibi leo amepika nini.

Hata watoto wenyewe, tukiangalia vizuri, tumewafanya kuwa uji. Tunawapakia garini kama kifurushi, tunawashusha mlangoni kwa bibi yao, tunaondoka kabla ya magharibi kwa kuwa tuna shughuli. Likizo ikisha tunatuma mtu awachukue. Tunasema tumewapelekea wazee furaha. Kweli tumeipeleka. Sisi wenyewe hatukwenda.

Tena mtazame kizee wa kwenye ngano. Msomaji wa haraka humpita, lakini yeye ndiye aliyebeba uzito wote: yeye anayemwona paa akidhoofika, yeye anayepanda kutoa habari, yeye anayerudishwa na jibu la aibu. Katika familia zetu kizee huyu yuko. Mara nyingi ni yule binti aliyebaki nyumbani, au jirani mwema, ambaye ndiye anayepiga simu kusema mama halali vizuri, baba hali chakula. Tunamjibu: mpe hiki, mnunulie kile, nitatuma Ijumaa. Naye anashuka na jibu letu. Je, tumewahi kumuuliza yeye miguu yake inavyomwuma kwa ngazi hiyo?

MAHALI NGANO INAPOPUNGUA

Mhakiki akisifu tu anakuwa mpiga debe. Basi tuseme na upungufu wake.

Ngano hii imemfanya bwana kuwa mbaya tupu na paa kuwa mwema mtupu. Nyumba zetu haziko hivyo. Mtoto aliyeko Mjini ana kodi ya nyumba, ana karo, ana bosi asiyejua Paje iko wapi. Binti aliyeko Maskat anahesabu siku zake za mapumziko kama mtu anayehesabu tende mwezi wa Ramadhani. Wengi wao hawakukataa kushuka, wamezibwa njia. Anayewahukumu wote kwa hukumu ya bwana yule anawadhulumu.

Upungufu wa pili ni wa paa, na huu unawahusu wazee wetu. Paa alituma habari ya ugonjwa. Wazee wetu nao wamejifunza lugha hiyo. Katika pwani hii ni vigumu kwa mtu mzima kusema, mwanangu, nyumba imekuwa kubwa kwangu, nakutaka. Anaona haya; ataonekana analilia kama mtoto. Basi ulimi ukiona haya, miguu husema badala yake. Sikiliza mazungumzo ya simu yalivyo:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Miguu tu inanisumbua tangu mlipoondoka. Mpe mama yako niseme naye."

Mama anaipokea simu, anasikia habari ya miguu, na kesho anatuma dawa ya kuchua. Hakukosa utiifu, wala hana roho mbaya. Ameambiwa miguu, ametibu miguu. Maneno yaliyobeba maana yalikuwa "tangu mlipoondoka", na hayo yalipita.

Kwa hivyo nawaomba wazee wangu, kwa heshima zote, waliseme jambo lenyewe. Si aibu. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, na Qur'ani imeieleza huzuni hiyo katika Surat Yusuf bila ya kumtoa makosani. Alichokifanya ni kumshitakia Mola wake. Huzuni ya mzazi kwa mtoto aliyekuwa mbali imekwisha kutajwa katika Kitabu kitukufu. Basi bibi wa Paje ana haki ya kuitaja kwenye simu.

NGANO YA LEO

Pengine utasema: hizo ni ngano za kale, za paa na nyoka, wa leo wameandika nini? Mmoja wa watoto wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948 na kwenda Uingereza akiwa kijana, akapata Nishani ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ameandika riwaya kwa Kiingereza iitwayo Admiring Silence, iliyotoka mwaka 1996. Humo mna mtu wa Unguja asiyetajwa jina, mwalimu wa London, ambaye amekaa ugenini miaka ishirini. Anaishi na mwanamke wa Kiingereza, Emma, bila ya ndoa, na wana binti aitwaye Amelia. Mama yake aliyeko Unguja hajui lolote katika hayo. Barua zinakwenda na kurudi, na ndani ya barua mtoto hayumo. Njia inapofunguka na yeye akarudi kuwaona wazazi, anawakuta wamemtafutia mchumba. Ndipo anaposema. Ghadhabu inawaka, naye anarejea London. Na huko Emma anamwacha.

Hatukubali mwenendo wa mtu yule, na riwaya haituombi tuukubali. Lakini kama wahakiki tunaona kuwa Gurnah ameirudia ngazi ile ile. Mwana yuko juu, mbali. Mama yuko chini. Kinachopita baina yao ni maneno yaliyochujwa. Na mwisho wake unafanana na ule wa ngano: mtu anaamka, na nyumba aliyodhani ni yake haipo. Tofauti ni kuwa mwandishi huyu anatuonesha yanayopita ndani ya kifua cha bwana, jambo ambalo msimulizi wa kale hakulifanya. Tunaona woga wake. Tunaona kuwa alinyamaza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka kunyamaza kukawa ndiyo nyumba anamokaa.

Na hapa bibi wa Paje anaweza kupata faraja. Uko ukimya wa nyumba ambayo wajukuu wametoka, na uko ukimya wa nyumba ambayo bibi hajui hata kama ana mjukuu. Huo wa kwanza una kiatu chini ya mwembe. Wa pili hauna kitu. Anayeumia kwa ukimya wa kwanza anaumia kwa sababu alipewa. Ni maumivu ya neema, na neema hushukuriwa hata pale inapochoma.

WALIOSHUKA

Bwana wa kwenye ngano alikataa kushuka. Hebu tumtazame aliyeshuka.

Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa juu ya mimbari akihutubia, wakaingia wajukuu wake Hasan na Husein, wadogo, wamevaa kanzu nyekundu, wanakwenda na kujikwaa. Akaikata hotuba, akashuka kutoka mimbarini, akawabeba, akawaweka mbele yake, ndipo akaendelea. Yafikiri haya. Mahali pa juu kabisa msikitini, mbele ya watu wote, katika kazi kubwa kabisa; na babu yule akashuka kwa ajili ya watoto wawili wanaojikwaa. Na yeye mwenyewe utotoni, alipofiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, alichukuliwa na babu yake Abdul Muttalib, ambaye alikuwa akimkalisha karibu naye kwenye busati lake kivulini mwa Al-Kaaba, pahala ambapo wanawe wakubwa hawakuthubutu kukaa.

Babu ameshuka kwa mjukuu. Sasa tugeuze. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anapotuamrisha kuwatendea wema wazazi waliofikia uzee, katika Surat Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, anaupiga mfano wa ndege anayeliteremsha bawa lake. Ni kule kule kushuka. Bawa halitumwi, bawa likiteremka, ndege mwenyewe yuko hapo. Basi ngano ya Sultani Darai, ingawa ni ya paa na jaa, inakaa vizuri karibu na mafundisho haya, na huenda ndiyo sababu wazee wa pwani waliipenda wakawasimulia watoto wao.

KINACHOFANYIKA

Utauliza, je, tuache kazi sote tukakae Paje? Hapana. Wala mzee mwenye akili hataki hivyo. Mzee wa Paje anaijua bahari yake. Pale maji yakipwa wakati wa bamvua huenda mbali sana, mchanga ukabaki mweupe mpaka karibu na miamba, na mgeni anaweza kudhani bahari imehama. Mwenyeji hashangai, anachukua kapu anakwenda kufanya kazi ambayo haiwezekani maji yakiwa yamejaa. Hivyo ndivyo wanawake wa Paje na Jambiani walivyofanya tangu kilimo cha mwani kilipoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980: wanaingia na kamba na vigingi vyao wakati maji yametoka. Maji yakitoka, kwao ndipo saa ya kazi inapofika.

Basi ukimya nao uwe na kazi yake. Mwenye mwani arudi kwenye mwani, mwenye ukili arudi kwenye ukili, babu arudi kwenye madema na baraza na msikiti wake. Kumkataza bibi kila kazi kwa kisingizio cha mapenzi, ukamkalisha mbele ya televisheni, ni kumwongezea ukimya badala ya kumpunguzia.

Na sisi tulio juu ya ngazi tufanye matatu.

La kwanza, tuwasindikize watoto sisi wenyewe, kwenda na kurudi, na siku ya kuwachukua tusifike saa nane tukaondoka saa tisa. Tulale. Au tumwache mtoto mmoja abaki siku mbili nyuma ya wenzake, ili nyumba isinyamaze kwa mkupuo. Maji hayatoki kwa dakika moja. Na watu nao waondoke taratibu.

La pili, tuache jambo ambalo halijakwisha. Mjukuu aanze ukili na bibi yake, kipande kibaki ukutani kinamngoja. Aanze sura na babu yake, na aimalizie kwenye simu kila Ijumaa, babu akimsahihisha. Bibi aanze ngano usiku wa mwisho, na asiimalize. Watu wa pwani tunajua nguvu ya hadithi iliyokatwa katikati. Katika Alfu Lela Ulela mwanamke aliokoa maisha yake kwa hilo. Mtoto atakayeondoka Paje akiwa hajui kama paa alipona, huyo atapiga simu mwenyewe bila ya kusukumwa. Na bibi atakuwa anangojwa. Kungojwa ni jambo kubwa kwa mzee. Ukimya wa mtu anayengojwa haufanani na ukimya wa mtu aliyemalizwa kutembelewa.

La tatu, tuwape watoto lugha. Wako wajukuu wanaotoka Maskat au Uingereza, wanakaa kibarazani na bibi yao mwezi mzima, wanacheka naye, wanakula naye, lakini bibi akisema "Paukwa!" hakuna anayejibu "Pakawa!" Hapo ukimya umeingia hata kabla ya gari kufika. Mzazi aliyemlea mtoto bila ya Kiswahili ameiondoa ngazi kabisa. Baada ya hapo hata mwenye kutaka kushuka hana pa kukanyaga.

Ndugu msomaji, msimulizi wa Unguja alimwamsha bwana yule jaani, wala hakutaja adhabu nyingine: hakupigwa, hakufungwa. Alirejeshwa tu pale alipokuwa kabla hajapata wa kumpenda. Nasi tukipuuza walio chini, hasara haitawafika wao peke yao. Babu na bibi wakiondoka duniani, wanaondoka na majina ya mababu, na nasaba, na ngano, na ile sauti moja iliyokuwa ikikuita kwa jina lako la utotoni. Siku hiyo utakuwa na kila kitu cha juu, na chini hapana mtu wa kushukiwa.

Leo bado yuko. Ngazi ni fupi. Na kama likizo imekwisha wiki hii na watoto wako wamesharejea, basi yeye sasa hivi anafunua sufuria.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na utulivu wa moyo, na atupe sisi miguu myepesi ya kuwafikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.